Kiti Bila Rungu: Nusu Karne ya Urais wa Trinidad na Tobago

Tarehe 1 Agosti 2026 ofisi ya Rais wa Trinidad na Tobago inatimiza miaka 50. Kwa muda huo, nchi hiyo ya visiwa viwili vikuu, kusini kabisa mwa Karibi, yenye watu wapatao milioni 1.4, imekuwa na marais saba. Hakuna aliyepinduliwa, hakuna aliyegoma kuondoka, hakuna aliyeichezea katiba ili ajiongezee muda. Orodha ya namna hiyo hupendeza machoni, na katika maadhimisho ya nusu karne itasomwa mara nyingi kama ushahidi kwamba mambo yamekwenda vizuri. Lakini orodha peke yake haithibitishi mengi. Rais asiyeongoza serikali ni rahisi kumpisha mwenzake kwa amani, kwa kuwa hakuna hazina wala wizara anazoachia. Ukitaka kujua uzito wa kiti hiki, tazama zile siku za kuhesabika kwa vidole ambapo katiba ilimwachia Rais uamuzi, nchi nzima ikisubiri neno lake. Siku hizo zinafundisha jambo moja, nalo ndilo hoja ya makala haya: kiti kisicho na rungu huishi kwa sababu anazozitoa aliyekikalia. Akiamua na kueleza, kiti kinakua. Akinyamaza, kinapungua, hata kama alichokifanya kilikuwa halali.

Hadithi ya kiti hiki inaanza kabla hakijaitwa cha Rais. Trinidad na Tobago ilipata uhuru tarehe 31 Agosti 1962, na kwa karibu miaka 14 iliyofuata mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa na Gavana Mkuu. Wa kwanza alikuwa Solomon Hochoy, mtumishi wa serikali mwenye asili ya Kichina, aliyekulia kijiji cha Blanchisseuse kwenye pwani ya kaskazini, na ambaye tayari alikuwa gavana wa koloni tangu 1960. Wa pili na wa mwisho alikuwa Ellis Clarke, mwanasheria ambaye mkono wake ulikuwamo katika kuandikwa kwa katiba ya uhuru. Katiba hiyo haikudumu sana. Aprili 1970 maandamano ya vuguvugu la Nguvu ya Weusi, pamoja na maasi ndani ya jeshi, yaliifanya serikali itangaze hali ya hatari. Mwaka uliofuata vyama vya upinzani vilisusia uchaguzi, na chama tawala cha PNM kikazoa viti vyote 36. Ushindi huo ulikuwa mtupu, na Waziri Mkuu Eric Williams alilijua hilo. Iliundwa tume ya katiba chini ya Hugh Wooding, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu, nayo ikawasilisha ripoti mwaka 1974. Mengi ya tume hiyo Williams aliyakataa, lakini wazo la jamhuri likabaki. Tarehe 1 Agosti 1976 Clarke aliacha kuwa mwakilishi wa Malkia akawa Rais. Bunge la kwanza la jamhuri lilikutana tarehe 24 Septemba mwaka huohuo, na ndiyo sababu Siku ya Jamhuri husherehekewa Septemba wala si Agosti.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataona hapa njia ambayo nchi zake ziliianza zikaiacha. Tanganyika ilikaa na Gavana Mkuu mwaka mmoja tu, na tarehe 9 Desemba 1962 Julius Nyerere akaapishwa kuwa Rais mwenye serikali mkononi. Kenya ilifanya vivyo hivyo chini ya Jomo Kenyatta tarehe 12 Desemba 1964. Uganda ilijaribu kuvitenganisha viti viwili: mwaka 1963 Kabaka Mutesa wa Pili akawa Rais wa heshima, Milton Obote akabaki Waziri Mkuu, na kufikia 1966 Obote alikuwa amemng'oa Kabaka na kukalia viti vyote viwili. Hata jirani wa Trinidad, Guyana, ilianza jamhuri yake mwaka 1970 na Rais wa heshima, Arthur Chung, kisha katiba ya 1980 ikampa Forbes Burnham urais wa utendaji. Kote huko kiti cha heshima kilimezwa na kiti cha kazi. Williams, ambaye katiba ya jamhuri ilipitishwa na Bunge lililojaa watu wa chama chake, angeweza kujitengenezea urais wa namna hiyo. Hakufanya hivyo, akabaki Waziri Mkuu mpaka alipofariki mwaka 1981. Nusu karne tunayoiadhimisha imejengwa juu ya msingi huo, kwamba mwenye nguvu nyingi kuliko wote alikubali kuwepo na mtu wa juu yake kwa heshima.

Katiba ya 1976 ilimpa mtu huyo kazi nyembamba. Rais ni mkuu wa nchi na Amiri Jeshi Mkuu, lakini karibu kila anachotia saini hukitia kwa ushauri wa Baraza la Mawaziri. Huchaguliwa kwa kura ya siri na baraza la uchaguzi linalokusanya wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi na Seneti, Spika akiwa mwenyekiti. Lazima awe raia wa nchi, ametimiza miaka 35 na ameishi nchini miaka kumi kabla ya kupendekezwa. Muhula wake ni miaka mitano. Kumwondoa ni safari ndefu: hoja iliyotiwa saini na angalau theluthi moja ya wawakilishi, theluthi mbili za wajumbe wote wa mabaraza mawili kuikubali, kisha uchunguzi wa Jaji Mkuu na majaji wengine wanne, kisha theluthi mbili tena. Ndani ya ua huo mwembamba, hata hivyo, yako machache aliyoachiwa mwenyewe. Kati ya maseneta 31 huteua tisa walio huru, wasiofungwa na chama chochote. Ana sauti katika kuziunda tume zinazoajiri walimu, polisi na watumishi wa umma. Na pale ambapo haijulikani nani ana wabunge wengi nyuma yake, ni yeye anayepima, kwa maoni yake, ni mwakilishi gani anaelekea zaidi kuungwa mkono ili amteue Waziri Mkuu. Kifungu hicho cha 76 ndicho kilicholeta siku ngumu kuliko zote.

Walioshika kazi hiyo hawakufanana, na kutofautiana kwao ni sehemu ya heshima ya kiti. Nchi ina makundi makubwa mawili, watu wenye asili ya India na wenye asili ya Afrika. Katika sensa ya 2011 kila moja lilikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja, na siasa za vyama kwa muda mrefu zimefuata mpaka huo. Baada ya Clarke, mwaka 1987 alikuja Noor Hassanali, jaji wa Mahakama ya Rufaa, Mwislamu wa kwanza kuwa mkuu wa nchi katika bara zima la Amerika, akakaa mihula miwili. Akafuata Arthur Robinson wa Tobago mwaka 1997, kisha George Maxwell Richards mwaka 2003, mhandisi wa kemikali aliyekuwa mkuu wa tawi la St Augustine la Chuo Kikuu cha West Indies na ambaye nasaba yake ilifika kwa wenyeji wa asili wa visiwa hivyo. Mwaka 2013 aliingia Anthony Carmona, mwaka 2018 Paula-Mae Weekes, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho, na mwaka 2023 Christine Kangaloo, aliyewahi kuwa waziri na Rais wa Seneti. Katika nchi ambayo uchaguzi mkuu huhesabiwa pia kwa asili za watu, kiti kimoja kilichozunguka hivi kimewaambia wengi kwamba nchi ni yao pia.

Jaribio la kwanza kubwa halikumkuta Rais mwenyewe. Jioni ya Ijumaa tarehe 27 Julai 1990, watu 114 wa kundi la Jamaat al Muslimeen, wakiongozwa na Yasin Abu Bakr, walivamia Bunge katika jengo la Red House na kituo cha televisheni cha taifa. Waziri Mkuu Robinson, huyuhuyu ambaye baadaye atakuwa Rais, alishikwa mateka pamoja na mawaziri wake. Alipoamriwa awaambie askari warudi nyuma, aliwaambia washambulie kwa nguvu zote, akapigwa risasi mguuni. Hassanali alikuwa nje ya nchi. Kwa mujibu wa katiba, kiti kilishikwa na Rais wa Seneti, Emmanuel Carter. Mbele yake kukaletwa karatasi ya msamaha kwa waasi. Upande mmoja palikuwa na serikali iliyofungwa kamba, upande mwingine jeshi lililozingira jengo, na katikati kalamu ya mtu aliyekuwa Rais kwa siku chache tu. Alitia saini. Waasi walijisalimisha tarehe 1 Agosti, siku ya kuzaliwa kwa jamhuri yenyewe. Karatasi ile ilibishaniwa mahakamani miaka minne, mpaka Baraza la Faragha mjini London, mahakama ya mwisho ya rufaa ya nchi hiyo, lilipoamua mwaka 1994 kwamba msamaha haukuwa halali kwa kuwa waasi hawakutimiza sharti lake mapema. Wakati huohuo lilisema kuwakamata upya watu ambao mahakama za nchi zilikwisha kuwaachia kungekuwa kuitumia sheria vibaya. Tukio hilo lilionyesha kwamba saini ya kiti hiki si wino wa sherehe. Lilionyesha pia kwamba uamuzi wa Rais hupimwa kwa mazingira na masharti yake, na kwamba kuna chombo cha kuupima.

Jaribio la pili lilikuja kwa hesabu. Uchaguzi wa Novemba 1995 uliipa PNM viti 17, chama cha UNC cha Basdeo Panday viti 17, na chama cha NAR viti viwili vya Tobago, kimoja kikiwa cha Robinson. Robinson alimuunga mkono Panday, hesabu ikawa wazi, na Hassanali akamwapisha Panday bila mgogoro. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye serikali ya Panday ikampendekeza Robinson kuwa Rais, naye akashinda kwa kura 46 dhidi ya 18. Kisha Desemba 2001 masanduku ya kura yakatoa jibu ambalo katiba haikuliwaza: UNC 18, PNM 18. Panday na kiongozi wa PNM, Patrick Manning, walikubaliana kumwachia Rais uamuzi. Tarehe 24 Desemba Robinson alimteua Manning, akataja kama sababu maneno ya utangulizi wa katiba kuhusu maadili na imani ya kiroho. Panday akaukataa uamuzi ule. Aliyekuwa amemtoa Robinson bungeni na kumpeleka Ikulu alimwona Robinson akimwapisha mpinzani wake. Kwa walio upande wake ilikuwa fadhila ya punda.

Lakini methali hiyo haifai hapa, na sababu yake ndiyo kiini cha taasisi hii. Kiti hakikuwa mali ya Panday kumpa mtu. Wabunge walipompigia Robinson kura mwaka 1997 hawakumkopesha, walimkabidhi dhamana, na cheo ni dhamana hata pale aliyekupigia kura anapoumia. Tusiache hapo, kwa kuwa kuna pingamizi zito zaidi. Wakosoaji walisema, na wana haki, kwamba kifungu cha 76 kinauliza nani ataungwa mkono na wabunge wengi, wala hakiulizi nani mwadilifu. Walikumbusha kwamba Panday alikuwa Waziri Mkuu tayari na kwamba chama chake kilipata kura nyingi zaidi za wananchi. Ni kweli pia kwamba mapema mwaka huo Robinson alikuwa amekawia wiki kadhaa kuwateua useneta wagombea saba wa UNC walioshindwa katika uchaguzi wa 2000, akakubali hatimaye, kwa hiyo wengi walimwona mtu mwenye ugomvi. Nakubali kwamba kigezo chake kilikuwa kipana kuliko kifungu kilivyoruhusu, na kwamba Rais anayejifanya kadhi wa maadili ya wanasiasa anakaribia kuvuka mpaka wa kazi yake. Hata hivyo, kipimo cha kifungu kilikuwa kimekwisha kushindwa: 18 kwa 18 haina wengi. Kigezo cha nje ya hesabu kililazimika kutumika, na kila kigezo kingebishaniwa. Robinson alikitaja chake hadharani, kwa hiyo taifa lilikuwa na kitu cha kubishana nacho. Bunge lilipokutana Aprili 2002 likashindwa hata kumchagua Spika, nchi ikaongozwa miezi bila Bunge, na Oktoba wananchi wakarudi kupiga kura wakaipa PNM viti 20 kati ya 36. Baadaye idadi ya viti ikapandishwa hadi 41, namba isiyogawanyika kwa mbili. Ugonjwa ulitajwa waziwazi, na dawa ikapatikana.

Katika mkwamo huo kuna jambo dogo ambalo halikumbukwi vya kutosha. Muhula wa Robinson ulimalizika Machi 2002. Bila Spika baraza la uchaguzi halikuweza kuketi, kwa hiyo alibaki mpaka Machi 2003 Richards alipoapishwa. Alikuwa na mwaka mzima wa ziada, sehemu kubwa yake nchi ikiwa haina Bunge, baada ya kuamua nani awe Waziri Mkuu. Mtu mwenye tamaa angeuona mwanya. Yeye alisubiri mrithi wake, akamwachia kiti. Ukitaka ushahidi kwamba alichofanya Desemba 2001 hakikuwa kujitafutia ufalme, anza hapo.

Pingamizi la pili husikika kila baada ya miaka mitano: Rais huchaguliwa na wabunge, chama chenye wabunge wengi humweka mtu wake, basi kiti ni kivuli cha serikali. Hesabu za kura zinalipa nguvu pingamizi hilo, kwani Kangaloo alichaguliwa Januari 2023 kwa kura 48 dhidi ya 22, karibu kwa mstari wa vyama. Tatizo lake ni kwamba linatazama siku ya kuchaguliwa na kusahau miaka inayofuata. Robinson aliwekwa na UNC akamteua kiongozi wa PNM. Richards aliwekwa wakati wa Manning, na mwaka 2010 akamwapisha Kamla Persad-Bissessar wa UNC aliyemshinda Manning. Carmona alichaguliwa bila mpinzani wakati wa Persad-Bissessar, akamwapisha Keith Rowley wa PNM mwaka 2015. Machi 2025, Kangaloo alipomwapisha Stuart Young kuwa Waziri Mkuu ilhali Rowley alibaki kiongozi wa chama, upinzani ulilalamika kwamba kifungu cha 76 kimekunjwa. Uchaguzi ukafanyika Aprili 28, UNC ikapata viti 26, na tarehe 1 Mei Kangaloo huyohuyo akamwapisha Persad-Bissessar. Muhula wa Rais haufungwi kwenye ule wa Bunge, kwa hiyo mara nyingi anayekupa kiti si utakayekuwa naye mpaka mwisho. Mpangilio huo mdogo wa tarehe hulinda uhuru wa Rais kuliko viapo vingi.

Hata hivyo miaka 50 haijakosa doa, na maadhimisho yanayoficha doa si ya kweli. Agosti 2021 orodha ya majina ya waliofaa kuwa Kamishna wa Polisi ilifikishwa ofisini kwa Rais Weekes ili ipelekwe Bungeni, kisha ikaondolewa kabla ya kufika huko. Wajumbe wa Tume ya Utumishi wa Polisi wakajiuzulu mmoja baada ya mwingine mpaka tume ikabaki tupu. Wananchi waliuliza nani aliiondoa orodha na kwa nini, na maelezo yaliyokuja yalikuwa machache na yalichelewa. Upinzani ukaleta hoja ya kumwondoa Rais, ya kwanza katika historia ya jamhuri. Tarehe 21 Oktoba baraza la uchaguzi liliikataa kwa kura 47 dhidi ya 24, bila mjadala kuruhusiwa. Kisheria Rais alishinda, na sidhani alistahili kuondolewa kwa yale yaliyojulikana. Lakini linganisha na 2001. Robinson alifanya jambo kubwa zaidi, lenye kuumiza nusu ya nchi, na kiti kikasimama kwa kuwa sababu zilikuwa mezani. Mwaka 2021 jambo lilikuwa dogo zaidi, na shaka ikadumu kwa kuwa mezani hapakuwa na kitu.

Wapo watakaosema heshima ya mkuu wa nchi inadai ukimya, kwamba Rais anayejieleza kila mara hugeuka mwanasiasa. Nalielewa wazo hilo, na kwa mambo yanayofanywa kwa ushauri wa mawaziri ni sahihi, kwa kuwa hapo anayepaswa kujibu ni waziri. Lakini katika yale machache ambayo katiba imemwachia Rais mwenyewe, hakuna mwingine wa kujibu kwa niaba yake. Akinyamaza, uamuzi unabaki yatima. Kwa hiyo zawadi bora ambayo Trinidad na Tobago inaweza kukipa kiti chake kinapotimiza nusu karne ni kifungu kifupi cha katiba kinachomtaka Rais, kila anapotumia hiari yake, awasilishe Bungeni maandishi ya sababu zake ndani ya siku chache. Hilo halimwongezei nguvu wala kumpunguzia. Linaandika kuwa wajibu kile ambacho Robinson alikifanya kwa hiari siku moja kabla ya Krismasi ya 2001, ili asiyekuwa na ujasiri wake naye alazimike kukifanya. Marais saba wamepokezana kiti kwa amani. Atakayekuwa wa nane akabidhiwe, pamoja na kiti, deni la kueleza.